Tovuti ya Biashara Changa: Mwongozo Kamili wa Kuijenga na Kuimiliki Mwenyewe

Biashara nyingi mpya hulipia tovuti mara moja, na mwaka unaofuata anwani ile ile haifunguki tena. Fundi aliyeijenga hapokei simu, jina la tovuti (mfano jinalako.co.tz) limeandikishwa kwake, nywila anazo yeye, na ada ya mwaka hakuna aliyeilipa. Mwenye biashara anabaki akiamini kwamba tovuti ni njia ya kupoteza hela. Hela imepotea kweli, lakini tatizo lilianzia kwenye mpangilio wa kazi: kurasa zilinunuliwa kabla jina halijamilikiwa, na maandishi yakawekwa kabla ya kujua wateja wanauliza nini.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ulio salama. Mfano wetu ni karakana ndogo ya samani pale Keko, Dar es Salaam, inayotengeneza vitanda, makabati na meza. Ukiuza keki, nguo za kushona au vipuri vya pikipiki, hatua ni zile zile. Aliye Kenya atatafuta jina la .co.ke badala ya .co.tz, kwa msajili (kampuni inayouza majina) wa KeNIC, rejesta ya majina ya Kenya; hatua zenyewe hazibadiliki, ila taasisi, sheria na namba ya nchi ni za kwake.

## Kwa nini ulipie wakati Instagram ni bure

Instagram inakuuzia zaidi kwa mtu anayekufuata tayari. Mtu aliyehamia nyumba mpya Goba na anataka kitanda cha mninga hakujui wala hana sababu ya kukufuata. Anaandika "kitanda cha mbao 5 kwa 6 bei" kwenye Google. Picha yako nzuri ya mwezi wa tatu imeshazikwa chini ya picha mia nyingine, na maelezo yake yanasema "bei njoo DM". Google haina cha kumwonyesha huyo mtu.

Pili, ukurasa wa mtandao wa kijamii si mali yako. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Huku kwetu ilianza kama saa kumi na mbili na nusu jioni, ikaendelea hadi karibu saa saba usiku. Siku kama ile ni adimu. Kinachotokea mara kwa mara ni akaunti moja moja kuporwa kwa ujumbe wa ulaghai, au kufungwa kwa malalamiko ambayo mwenye akaunti hakuyaelewa, na hapo wafuasi wote wa miaka mitatu wanaondoka nayo.

Tatu, kuna wateja wasionunua kwa DM. Shule inayotaka madawati 60, hoteli inayofungua vyumba vipya, ofisi inayohitaji ankara ya awali ili mhasibu aidhinishe malipo: hawa wanataka jina la biashara, TIN, anwani na baruapepe inayofanana na jina la biashara. Oda moja ya namna hiyo inaweza kulipa gharama ya tovuti kwa miaka kadhaa.

Kuna wanaopaswa kusubiri. Genge la mtaani au banda la chipsi, ambalo mteja wake anatembea kwa miguu kutoka nyumba ya tatu, lianze na Wasifu wa Biashara wa Google (maelezo ya biashara yanayotokea kwenye Google na ramani yake), ambao ni bure na umeelezwa kwenye hatua ya 8. Tovuti inalipa pale mteja anapolazimika kufikiri, kulinganisha au kusafiri kabla ya kununua.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kumlipa mtu yeyote

- Jina la biashara lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), pamoja na TIN (namba ya mlipakodi). Kuwa na jina la tovuti hakukupi haki ya jina la biashara, wala usajili wa BRELA haukuhifadhii jina la tovuti. Ni vitu viwili tofauti, vyote unavihitaji.
- Akaunti moja ya Gmail iliyofunguliwa kwa ajili ya biashara tu, yenye uthibitishaji wa hatua mbili (nywila pamoja na uthibitisho wa pili kwenye simu). Usitumie ya mpwa wako wala ya fundi.
- Namba ya simu ya biashara, yenye WhatsApp, itakayobaki hai hata mfanyakazi akiondoka.
- Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara.
- Simu yenye kamera nzuri, kitambaa cheupe au ukuta msafi, na futi ya kupimia.
- Daftari la karatasi la kuandikia kila akaunti, tarehe yake ya kuisha na jina la kuingilia. Nywila ziandike kwenye ukurasa wa peke yake na daftari ulifungie.
- Bajeti ya mwaka, siyo ya siku moja. Jina la .co.tz kwa kawaida hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwaka. Seva ya pamoja ya tovuti ndogo (kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi kurasa zako pamoja na za wengine) huwa juu ya hapo. Vyote viwili hulipwa tena kila mwaka. Anayekwambia "unalipa mara moja tu" hajakwambia nani atalipa mwaka wa pili.

## Hatua ya 1: Chambua maswali ya wateja

Fungua WhatsApp ya biashara, pitia mazungumzo ya wateja 50 wa mwisho, na uandike swali la kwanza na la pili la kila mmoja. Weka alama kila swali linaporudi.

Karakana ya samani itakuta orodha inayokaribiana na hii: bei gani, ni mbao gani, mninga, mkongo au mtiki, mko wapi, inachukua siku ngapi, mnaleta hadi Kibaha, usafiri ni juu ya nani, natanguliza kiasi gani, ikipasuka je.

Orodha hiyo ndiyo ramani ya tovuti yako. Tovuti nyingi hufeli hapa, kwa sababu ukurasa wa mbele umejazwa "dira na dhamira" na picha ya Wazungu wakishikana mikono, na bei ya kitanda haipo popote.

Umefanikiwa ukiwa na maswali kati ya 8 na 12, yamepangwa kuanzia linaloulizwa zaidi, na kila moja lina jibu la sentensi moja au mbili.

## Hatua ya 2: Andikisha jina, na liwe lako

Tumia muda wako mwingi hapa. Kurasa zikiharibika zinajengwa upya kwa wiki moja. Jina likichukuliwa na mwingine, umepoteza kila kadi, kila bango na kila kiungo kilichowahi kuelekea kwako.

Kuchagua. Jina liwe fupi, lisiwe na kistari wala tarakimu. Lifanyie jaribio la simu: mpigie mtu asiyelijua, mtajie jina mara moja, mwambie aliandike. Ukilazimika kutaja herufi moja moja, lina kasoro. Uwe mwangalifu na maneno yenye tahajia mbili. Anayesikia "fenicha" ataandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na baadhi ya wateja wataangukia kwingine. Kama huna budi kulitumia neno la namna hiyo, lipia tahajia zote mbili na uelekeze moja kwa nyingine.

.co.tz au .com? Kwa biashara ya hapa nyumbani, .co.tz inamwambia mteja mara moja kwamba uko Tanzania, na mara nyingi jina fupi unalolitaka bado lipo wazi. Ukiuza nje, chukua na .com ukiweza.

Kuandikisha. Majina ya .tz yapo kwenye rejesta ya taifa, lakini hununui huko moja kwa moja. Unanunua kwa msajili aliyeidhinishwa, na orodha ya wasajili ipo kwenye tovuti ya rejesta hiyo. Fungua akaunti kwa msajili mwenyewe, kwa Gmail ya biashara, na ulipie mwenyewe kwa simu. Kama fundi ndiye anayekusaidia, akae pembeni yako wewe ukibofya.

Kila jina hubeba watu wa aina zaidi ya moja: mmiliki, na mtu wa mambo ya kiufundi. Mmiliki awe wewe au kampuni yako. Fundi anaweza kuwa mtu wa kiufundi, na si zaidi ya hapo.

Onyo kubwa. Baruapepe ya mmiliki isiwe ile ya jina hilo hilo. Ukiweka info@jinalako.co.tz na jina likaisha muda, baruapepe nayo inazimika, na ujumbe wa kukumbusha kulipa hauna pa kufikia. Ndiyo sababu tulifungua Gmail.

Lipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo kama msajili anaruhusu. Biashara changa inaweza kubanwa na fedha mwaka wa pili, na ada ndogo ndiyo husahaulika.

Umefanikiwa iwapo ukitafuta jina lako kwenye huduma ya WHOIS ya .tz (inayoonyesha jina limeandikishwa kwa nani) unakuta sehemu ya mmiliki haina jina la fundi wala la kampuni ya fundi. Kama tayari una tovuti, fanya ukaguzi huu leo. Ukikuta jina si lako, omba mabadiliko kwa maandishi sasa hivi, mkiwa bado mnaelewana. Mkishagombana inakuwa kesi.

## Hatua ya 3: Chagua seva, jukwaa na fundi

Kwa tovuti ya kurasa tano hadi kumi, seva ya pamoja inatosha. Uliza maswali manne kabla ya kulipa: je, cheti cha usalama (kinachofanya anwani ianze na https) ni cha bure na kinajihuisha chenyewe, nakala rudufu zinachukuliwa kila baada ya siku ngapi na zinakaa kwa muda gani, naweza kupakua tovuti yangu yote nikitaka kuhama, nikipiga simu Jumamosi nani anapokea. Usivutwe na "nafasi isiyo na kikomo". Tovuti yako yote haitafika hata GB 1 ukifuata hatua ya 6.

Jukwaa, yaani programu ya kujengea na kuhariri kurasa, linaloeleweka kwa mafundi wengi ni WordPress. Programu yenyewe ni bure, na ukigombana na fundi mmoja, kumpata wa pili hakuchukui siku. Epuka mfumo ambao fundi kauandika mwenyewe na ni yeye pekee anayeujua. Unaweza kuwa mzuri, lakini umefungwa naye.

Makubaliano yenu yawe kwenye karatasi, hata kama ni ndugu yako. Yaseme idadi ya kurasa, tarehe ya kukabidhi, na vitu vitakavyokabidhiwa: akaunti ya msajili, akaunti ya seva, akaunti ya msimamizi wa WordPress iliyo kwa Gmail yako, na nakala kamili ya tovuti. Gawa malipo: asilimia 40 kuanza, 40 tovuti ikionekana, na 20 baada ya wewe mwenyewe kuingia kwenye akaunti zote na kubadilisha nywila mbele yake. Hiyo 20 ya mwisho ndiyo inayokupa usingizi.

Mkatae fundi anayeweka mandhari (mwonekano uliotengenezwa tayari) au plagini (programu ndogo za kuongezea tovuti kazi) za kulipia zilizovunjwa kufuli. Nyingi hubeba mlango wa siri, na miezi michache baadaye ukurasa wako unaanza kuwapeleka wateja kwenye tovuti za kamari.

## Hatua ya 4: Unganisha jina na seva, kisha weka kufuli

Ingia kwenye akaunti ya msajili, badilisha anwani za seva za majina (nameservers) ziwe zile ulizopewa na kampuni ya seva. Huwa mbili au zaidi. Mabadiliko huenea ndani ya saa chache, mara nyingine hadi saa 48. Katika muda huo wewe unaweza kuiona tovuti na jirani asiione. Usianze kufuta na kubadilisha tena kila baada ya dakika kumi.

Cheti cha usalama kiombwe baada ya jina kuelekea kwenye seva. Ukiomba mapema kitakataliwa, kwa sababu mtoaji wa cheti hukagua kama jina linafika pale. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bila malipo, vinatosha kabisa kwa karakana. Huna haja ya kulipia.

Baada ya hapo fungua anwani kwa namna nne: yenye http na yenye https, yenye www na isiyo nayo. Zote ziishie kwenye anwani moja yenye https. Kivinjari kikiendelea kuonya kuwa ukurasa si salama wakati cheti kipo, kwa kawaida kuna picha iliyounganishwa kwa http ya zamani. Fundi abadilishe viungo hivyo.

## Hatua ya 5: Baruapepe inayofika

Mafundi wengi wanaruka hatua hii, na hasara yake haionekani. Hoteli imejaza fomu kuomba bei ya vitanda 20, ujumbe ukatumbukia kwenye kikapu cha taka, wewe hukujua, wao wakaona umewadharau.

Fungua anwani mbili tu: moja ya mauzo, moja yenye jina lako. Kisha hakikisha rekodi nne zimewekwa kwenye DNS ya jina lako, yaani mipangilio inayosema jina na barua zake zielekee wapi.

1. MX inaelekeza barua zinazoingia. Ikikosewa, hupokei kitu.
2. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Huanza na v=spf1, na lazima iwe moja tu. Kosa la kawaida ni kuwa na ya kampuni ya seva na nyingine ya Google zikikaa bega kwa bega; zikiwa mbili, ukaguzi unafeli. Ziunganishe ziwe mstari mmoja.
3. DKIM inatia saini kila barua. Kwenye seva nyingi ni kuiwasha tu.
4. DMARC inasema barua isiyopita ukaguzi ifanywe nini. Anza na v=DMARC1; p=none, uangalie kwanza kabla ya kukaza.

Tangu Februari 2024, Gmail inamdai kila anayetuma barua kwenye akaunti zake binafsi awe na SPF au DKIM. Kwa hiyo si mapambo.

Fomu ya mawasiliano ina mtego wake. Baadhi ya fomu hutuma ujumbe zikijifanya zimetoka kwa mteja mwenyewe, kwa anwani yake ya Gmail. Seva ya kupokea inaona seva yako ikijiita Gmail, inaikataa barua au kuitupa kwenye taka. Dawa yake: mtumaji wa fomu awe anwani ya jina lako, na anwani ya mteja iwekwe kwenye sehemu ya kujibia. Itumwe kwa SMTP (njia ya kawaida ya kutuma barua) yenye nywila, mlango wa 587 au 465.

Umefanikiwa ukijitumia barua kutoka anwani mpya kwenda Gmail, ukaifungua kwa "Show original", ukaona neno PASS mbele ya SPF, DKIM na DMARC. Kisha jaza fomu ya tovuti wewe mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine, na uone kama inafika kikashani.

## Hatua ya 6: Andika kurasa, piga picha

Kurasa tano zinatosha kuanzia: mwanzo, bidhaa na bei, malipo na usafirishaji, kuhusu karakana, mahali na mawasiliano. Chukua majibu ya hatua ya 1 na uyapange humo.

Bei iandikwe. Najua hofu: mshindani ataiona, mteja atakimbia. Mshindani anaijua tayari. Na mteja anayekimbia kwa kuiona bei angekimbia pia baada ya kukumalizia dakika ishirini za WhatsApp. Kama bei inategemea vipimo, andika "kuanzia" na utaje kinachoipandisha: aina ya mbao, droo za chini, kichwa cha kitanda chenye sponji.

Maelezo ya kila bidhaa yabebe vipimo kwa futi na sentimita, aina ya mbao, namna ilivyokaushwa, aina ya vanishi, siku za kutengeneza na malipo ya awali. "Kitanda imara cha kisasa" halimwambii mteja chochote. "Mninga uliokaushwa, futi 5 kwa 6, chaga 12, siku 10 baada ya malipo ya awali ya nusu" linamfanya apige simu.

Usafirishaji utaje maeneo na bei kama unavyozijua: kirikuu hadi Mbagala, hadi Tegeta, hadi Kibaha; nani anapandisha ghorofani; mikoani mzigo unatumwaje na nani anabeba hatari ya njiani. Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, hivyo usiupitie haraka.

Picha zipigwe asubuhi au jioni kivulini, si kwa mwanga wa taa za dukani. Kila bidhaa ipate picha nne: ya mbele, ya pembeni, ya karibu ikionyesha kiungo au droo ikiwa wazi, na moja ikiwa na mtu amesimama kando ili ukubwa uonekane. Usichukue picha za Pinterest. Mteja akiletewa kitu kisichofanana na picha, utarudisha hela na jina litachafuka.

Picha ya simu huwa na MB 3 hadi 5. Ukipakia kumi na mbili za MB 4, ukurasa unafika MB 48, na mteja mwenye bando dogo anafunga kabla hazijafunguka. Zipunguze ziwe na upana wa pikseli 1200, ubora wa asilimia 75 hadi 80, muundo wa WebP (aina ya faili jepesi la picha). Nyingi zitashuka hadi KB 150 hivi au chini, na hizo kumi na mbili zote zitakuwa karibu MB 2 tu. Zipe majina yanayoeleweka, kama kitanda-mninga-5x6.webp, na maelezo mafupi ya maneno kwa asiyeona picha.

Usisahau kuweka lugha ya tovuti kuwa Kiswahili kwenye mipangilio. Ikibaki Kiingereza, kivinjari kinaweza kumpendekezea mteja tafsiri asiyoihitaji, na programu zinazowasomea wasioona zitasoma Kiswahili chako kwa matamshi ya Kiingereza.

Umefanikiwa ukifungua ukurasa wa mwanzo kwa simu ya bei nafuu, kwa bando, na picha kuu ikatokea ndani ya sekunde mbili na nusu. Kipimo hicho hicho utakikuta kwenye PageSpeed Insights ya Google, ambayo ni bure. Angalia matokeo ya simu, siyo ya kompyuta.

## Hatua ya 7: Vitufe vya kupiga, WhatsApp na kulipa

Kila ukurasa uwe na vitufe viwili vinavyoonekana bila kutelezesha skrini: cha kupiga simu na cha WhatsApp. Viwe viwili, kwa sababu siku WhatsApp ikigoma bado simu inalia.

Cha simu kiunganishwe kwa tel:+255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo. Cha WhatsApp kinaandikwa hivi:

https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%2C%20nimeona%20kitanda%20cha%20mninga%205x6%20kwenye%20tovuti

Namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiandika 07 mwanzoni, kiungo kinafunguka lakini hakimpati mtu. Alama ya %20 ni nafasi kati ya maneno, na %2C ni mkato. Badilisha maneno kwa kila bidhaa. Faida yake utaiona hatua ya 10.

Malipo: anza na Lipa Namba. Iandike pamoja na jina litakalotokea kwenye skrini ya mteja kabla hajaweka namba ya siri, na umwambie asilipe jina likiwa tofauti. Usiweke namba binafsi ya mtu yeyote. Mifumo ya kulipia ndani ya tovuti kama Selcom au Pesapal ni mizuri, ila inadai makubaliano, makato na mtu wa kulinganisha malipo na oda kila siku. Karakana yenye oda chache kwa wiki haiihitaji bado.

Kama una fomu, omba jina, simu na anachotaka, basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inambana anayekusanya taarifa za watu, na inamtaka ajisajili kwa Tume inayoisimamia. Andika chini ya fomu unazikusanya kwa ajili gani, na usimpe mtu mwingine namba za wateja.

## Hatua ya 8: Google ikujue

Anza na kosa linalozika tovuti nyingi. Kwenye WordPress fungua Settings, kisha Reading, uangalie kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji. Mafundi hukiwekea alama wakati wa ujenzi na kusahau kuiondoa. Kikiwa na alama, tovuti inaweza kukaa mwaka mzima bila kutokea popote.

Kisha:

1. Fungua Google Search Console (chombo cha bure cha kuona Google inavyoiona tovuti yako) kwa Gmail ya biashara, thibitisha umiliki, na uwasilishe ramani ya tovuti (sitemap, yaani orodha ya kurasa zako). Kwenye WordPress kwa kawaida ni /wp-sitemap.xml.
2. Kila ukurasa upewe kichwa chake kisichozidi herufi 60 hivi, kwa maneno ya mteja: "Vitanda vya mninga 5x6 na 6x6, Keko Dar es Salaam". Kichwa cha "Home" kinapoteza nafasi.
3. Fungua Wasifu wa Biashara wa Google. Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni kwa video: bango la nje, barabara, ndani ya karakana na vifaa vikionekana. Piga mchana, bila kukatisha. Weka alama ya ramani mlangoni kwako, siyo katikati ya mtaa.
4. Jina, simu na anwani viandikwe namna moja kila mahali.

Mitaa yetu mingi haina namba za nyumba zinazojulikana, kwa hiyo ongeza maelekezo ya mdomo: kituo cha kushukia, upande wa barabara, alama iliyo karibu.

Umefanikiwa ukiandika site:jinalako.co.tz kwenye Google na kuona kurasa zako. Inaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Anayekuahidi namba moja kesho anakuuzia maneno.

## Hatua ya 9: Ilinde

Jina la msimamizi lisiwe "admin". Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Sasisha WordPress na plagini kila wiki, na zisizotumika zifute kabisa, kwa sababu kuzizima tu kunaacha mafaili yake ndani ya seva.

Nakala rudufu ikae nje ya seva, kwenye Google Drive ya biashara kwa mfano. Nakala iliyo ndani ya seva ile ile inapotea pamoja nayo. Mara moja kwa miezi mitatu jaribu kuirudisha mahali pa majaribio, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa huenda ni faili bovu.

Kwenye kalenda ya simu weka vikumbusho vitatu kabla jina na seva kuisha muda: siku 60, siku 30 na siku 7. Uwe makini na barua zinazodai jina lako "linakaribia kuisha" na kutaka ulipe kwa kiungo. Lipa tu kwa kuingia kwenye akaunti ya msajili wako, ukiandika anwani yake mwenyewe.

## Hatua ya 10: Pima kama inalipa

Huhitaji grafu. Kila ujumbe wa WhatsApp unaoanza na "Habari, nimeona … kwenye tovuti" umetoka huko. Kwa anayepiga simu, uliza tu umetupataje. Andika kwenye daftari tarehe, bidhaa aliyoiulizia, na kama alinunua.

Hesabu ni moja: gharama ya mwaka gawanya kwa faida ya oda moja. Tuseme tovuti yote imekugharimu 600,000 mwaka wa kwanza, na kitanda kimoja kinakuachia faida ya 120,000. Unahitaji vitanda vitano kutoka kwenye tovuti ili urudishe hela. Mwaka wa pili unalipia jina na seva tu, kwa hiyo idadi inashuka sana.

Ipe miezi mitatu hadi sita kabla ya kuhukumu. Kisha soma daftari hivi:

Hakuna ujumbe kabisa. Rudi hatua ya 8, na ujaribu vitufe vya hatua ya 7 kwa simu ya mtu mwingine.

Watu wanauliza jambo ambalo limeshaandikwa. Limefichwa. Lipandishe juu ya ukurasa.

Wanauliza jambo ambalo halijaandikwa. Liongeze wiki hiyo hiyo.

Wanauliza sana lakini hawanunui. Angalia muda wako wa kujibu kabla hujagusa bei. Mteja wa Google huwa amewaandikia mafundi watatu kwa wakati mmoja, na anayejibu ndani ya dakika kumi huwa tayari anazungumzia vipimo wakati wengine hawajafungua simu.